Je, Kukimbia ni Kazi?

Wasomaji wa gazeti letu, mwezi wa Septemba mwaka 2025 nilifikiwa na maswali mawili katika juma moja, na yote mawili yalinishinda. Mwalimu wa hesabu hapendi kushindwa na swali mbele ya wanafunzi wake, basi nilichukua karatasi na kalamu nikaenda kutafuta majibu. Haya niyaandikayo hapa ndiyo niliyoyapata. Mengine yatawafaa wanafunzi, mengine yatawafaa wazazi, na mahali pamoja au pawili itanibidi nijieleze mimi mwenyewe, maana nina deni.

Swali la kwanza lilitoka kwa msichana wa Kidato cha Pili. Alikuwa akipanga vitabu katika maktaba yetu, akaokota gazeti la Kihindi lililochakaa, nalo lilikuwa na picha kubwa ya mwanamke aliyeruka juu na raketi mkononi. Akaniletea. Nikasoma jina, Pusarla Venkata Sindhu, nikamweleza kwamba dada huyu ni mchezaji wa mpira wa vinyoya. Akaniambia, "Ndiyo, mwalimu, hayo nimeyasoma. Lakini kazi yake ni nini?" Nikamwambia kazi yake ndiyo hiyo. Akacheka kwa adabu, akadhani namfanyia mzaha.

Swali la pili lilikuja kwa baiskeli. Mzazi mmoja, mkulima wa alizeti na mtama, alifika ofisini saa tatu asubuhi, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kumshtaki mwanangu kwako. Kila siku saa kumi na moja alfajiri huyo yuko barabarani anakimbia. Nikimwuliza, 'Waenda wapi?' ajibu, 'Siendi popote, baba.' Sasa mtu akimbiaye na haendi popote, akirudi kachoka hata daftari hashiki, huyo ana akili timamu? Mkataze."

Kijana mwenyewe alikuwa Kidato cha Tatu, mpole, wa wastani katika hesabu na mzuri katika jiografia. Nilimwita jioni ile ile. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha na subira yangu ilikuwa imekwisha, ndipo nikamwambia neno ambalo leo nalitaja mbele ya shule nzima: "Kukimbia si kazi. Hata punda hukimbia." Akajibu, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka. Tangu siku ile hakuonekana tena barabarani.

Siku kumi hazijapita, Jumatatu tarehe 15 Septemba, tulikuwa mstarini asubuhi. Mwalimu wa zamu alipanda jukwaani akatangaza kwamba usiku ule, sisi tukiwa tumelala, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Singida, upande wa Ikungi, ameshinda marathoni ya mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo. Shule ilipiga makofi mpaka ndege wakaruka kutoka mitini. Nikatafuta kwa macho yule kijana wangu. Alikuwa hapigi makofi. Alinitazama kidogo tu, kisha akatazama chini kwa adabu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Basi, tuanze na hesabu, maana huko ndiko niliko na haki ya kusema.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kiwanja chetu nilikipima mwenyewe kwa kamba, mzunguko wake ni mita 400. Kwa hiyo marathoni ni sawa na kukizunguka kiwanja hiki mara 105 na nusu. Simbu alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani sekunde 7,788. Gawanya mita 42,195 kwa 7,788 upate mita 5.4 kwa kila sekunde moja. Gawanya tena, utaona kwamba kila mita 400 alizimaliza kwa sekunde 74 hivi. Mwaka jana niliwapanga vijana wa Kidato cha Nne, walio hodari, niwapime saa katika mzunguko mmoja tu. Wengi walipita chini ya sekunde 74 wakajisifu. Nikawaambia, "Vema, sasa bado mara 104." Hapo masifu yakaisha. Ugumu wa kazi hii hauko katika mwendo peke yake, uko katika kuushika mwendo ule ule wakati mwili wote unakuomba usimame, na siku ile Tokyo kulikuwa na joto na unyevu mwingi hewani hata mbio zikaanzishwa mapema asubuhi.

Sasa lije lile lililofanya dunia nzima ishike kichwa. Baada ya saa mbili na zaidi za kukimbia, watu watatu waliingia uwanjani karibu pamoja: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na Simbu wetu. Petros alikuwa mbele. Katika mita za mwisho Simbu akaongeza mwendo, akamfikia, wote wawili wakajitupa kifua mbele, na Petros akaanguka chini palepale mstarini. Saa ya wote wawili ikasoma saa 2:09:48. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake limeandikwa juu ya ubao.

Msomaji atauliza, ikiwa saa ni ile ile, mshindi amejulikanaje? Hapa pana somo zuri. Katika mbio za barabarani sheria yataka muda uandikwe kwa sekunde kamili, na sehemu yo yote ya sekunde ikibaki, huongezwa kuwa sekunde moja nzima. Ndiyo sababu watu waliotofautiana kwa chembe ya sekunde huandikiwa muda mmoja. Lakini mstarini pana kamera itazamayo mstari tu, haitazami kitu kingine, nayo hupiga picha nyembamba mamia kwa maelfu katika kila sekunde, zikaunganishwa. Mwamuzi huangalia picha hiyo akatafuta kiwiliwili kilichogusa mstari kwanza. Kichwa hakihesabiwi, mkono hauhesabiwi, wala mguu. Ilionekana kwamba kiwiliwili cha Simbu kimetangulia kwa sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Zidisha 0.03 kwa mita 5.4, utapata sentimita 16 hivi. Kwa kuwa mwishoni walikwenda mbio kuliko mwendo wao wa wastani, tuseme labda sentimita 20. Rula ya mwanafunzi ina sentimita 30. Baada ya kilomita 42, watu wawili walitenganishwa na kitu kifupi kuliko rula yenu.

Na sentimita hizo zilikuwa na bei. Mwaka ule mshindi wa kwanza wa mashindano ya dunia alipewa dola 70,000, wa pili dola 35,000, wa tatu dola 22,000. Miezi mitano kabla yake, tarehe 21 Aprili 2025, Simbu alikimbia Boston huko Marekani akawa wa pili nyuma ya John Korir wa Kenya, kwa saa 2:05:04. Wa tatu, Cybrian Kotut, naye Mkenya, aliandikiwa saa 2:05:04 hiyo hiyo. Wa pili Boston hupata dola 75,000 na wa tatu dola 40,000. Toeni wenyewe: mara mbili katika mwaka mmoja, chini ya sekunde moja, tofauti ilikuwa dola 35,000. Wanafunzi waniulizao kila muhula kwamba desimali zina faida gani, ningependa waitazame hesabu hii kwa makini.

Lakini ningewadanganya kama ningeishia hapo, maana mtu angedhani kwamba Simbu alilala maskini akaamka bingwa. Nilifuata miaka yake nyuma, moja moja. Alizaliwa mwaka 1992. Mwaka 2015 alikwenda Beijing kwenye mashindano ya dunia, akawa wa 12. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, akawa wa tano kwa saa 2:11:15. Wa tano hapati nishani. Januari mwaka 2017 alishinda marathoni ya Mumbai, India, kwa saa 2:09:32. Aprili mwaka huo akawa wa tano tena, katika marathoni ya London. Agosti akarudi London hiyo hiyo kwa mashindano ya dunia, akapata nishani ya shaba, sekunde mbili tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyekuwa wa pili. Mwaka ule wa pili alilipwa dola 30,000 na wa tatu 20,000, kwa hiyo kila sekunde katika hizo mbili ilikuwa na thamani ya dola 5,000.

Baada ya hapo mtu angetazamia dhahabu upesi. Haikuja. Olimpiki ya Tokyo ilifanywa mwaka 2021, na marathoni ikapelekwa Sapporo kwa kuogopa joto. Simbu akawa wa saba. Mwaka 2022 alipata nishani ya fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Mwaka 2024, Olimpiki ya Paris, akawa wa 17. Nafikiri palikuwa na watu wengi, mimi nikiwa mmojawao, waliosema kwamba huyu basi, amekwisha, miaka 32 hiyo. Desemba mwaka ule ule akakimbia Valencia, Uhispania, kwa saa 2:04:38, mwendo ambao hakuwahi kuufikia ujanani. Kutoka shaba ya London hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka minane. Mwanafunzi aliyekuwa Darasa la Kwanza siku ya shaba, siku ya dhahabu alikuwa sekondari.

Dhahabu ile ni ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, yaliyoanza mwaka 1983. Kabla yake tulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, marathoni ya Helsinki mwaka 2005, na shaba hiyo ya Simbu mwenyewe.

Sasa nirudi kwa swali la yule msichana, maana katika kusoma habari za Simbu niligundua kwamba na yule dada wa India wamepita njia moja, kila mtu kwa upande wake wa bahari. Agosti 2016, siku mbili kabla Simbu hajawa wa tano katika mji ule ule wa Rio, Sindhu alicheza fainali ya Olimpiki akashindwa na Carolina Marín wa Uhispania. Alikuwa na miaka 21. Katika mashindano ya dunia alikwisha pata shaba mwaka 2013 na 2014. Mwaka 2017 akafika fainali mjini Glasgow, akapambana na Nozomi Okuhara wa Japani kwa dakika 110, akashindwa. Mwaka 2018 akafika fainali tena, akashindwa tena na Marín. Huko kwao wakaanza kusema kwamba huyu binti hajui kushinda fainali. Mwaka 2019, mjini Basel, Uswisi, akakutana tena na Okuhara, akammaliza kwa 21-7 na 21-7, dakika 38 tu, akawa Mhindi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo. Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akaongeza shaba.

Wazazi wake walikuwa wachezaji wa mpira wa wavu, wote baba na mama. Tuliopata wazazi wakulima na walimu tusikate tamaa, lakini tusijifanye hatuoni kwamba jambo hilo lilimsaidia. Tena alipata mwalimu. Pullela Gopichand, aliyekuwa mchezaji hodari akashinda mashindano makuu ya Uingereza mwaka 2001, aliacha kucheza akataka kujenga shule ya mchezo mjini Hyderabad. Fedha zilipopungua aliweka nyumba yake rehani. Shule ikajengwa, na katika shule hiyo wakatoka Saina Nehwal, aliyepata shaba ya Olimpiki mwaka 2012, na Sindhu huyu. Mimi nilisoma habari ya nyumba ile mara mbili. Nina nyumba ya vyumba vitatu ambayo bado haijapigwa plasta, na sijui kama ningeweza.

Je, watu hawa hula nini? Hili ndilo hasa alilotaka kujua yule mzee wa alizeti, ingawa hakulisema kwa maneno hayo. Nilikuta kwamba mchezaji wa kulipwa ana vijito vinne vya fedha, na hakuna hata kimoja kitiririkacho mwaka mzima. Kuna zawadi za ushindi, nilizozitaja. Kuna fedha za kualikwa, ambazo wenye mashindano makubwa humlipa mtu mwenye jina ili afike tu mstarini. Kuna makampuni, hasa ya viatu, yamlipayo avae nguo zao. Na kuna mshahara wa mwajiri, kama anaye. Katika fedha hizo wakala wake, yule amtafutiaye mashindano, huchukua kwa desturi kama 15 kwa mia, kisha kuna kodi, kuna viatu ambavyo huisha upesi, na kuna siku ambayo goti lauma na hakuna kitu kabisa. Mkimbiaji wa marathoni hawezi kushindana kila Jumamosi kama timu ya mpira wa miguu. Mwili humruhusu mara mbili kwa mwaka, pengine mara tatu. Mzee mmoja jirani yangu alipoelezwa hivyo akasema, "Kumbe ni mkulima! Mavuno mawili, na mvua huijui." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Kwa hiyo mshahara ule mdogo wa mwezi ndio unaomshika mtu asianguke. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi. Juma Ikangaa, aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na aliyeshinda New York mwaka 1989, alikuwa ofisa wa jeshi hilo hilo. Nilidhani ni desturi yetu sisi tu tulio nchi maskini, lakini nikakuta Sindhu naye aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya serikali ya India, na mwaka 2017 serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ikampa cheo katika utawala. Yeye hakukosa fedha. Mwaka 2018 gazeti la Forbes lilimhesabu wa saba duniani katika wanawake wachezaji kwa kipato, sehemu kubwa kabisa ikiwa ya matangazo ya biashara. India ina watu wengi wa kununua bidhaa, na picha yake yauza. Uso wa mkimbiaji kutoka Singida hauuzi sabuni kiasi hicho, hata akiwa bingwa wa dunia. Sioni kwamba ni haki, lakini ndivyo biashara ilivyo.

Wengine kati yenu wataniuliza, kwa nini basi tusianzishe mpira wa vinyoya hapa? Nilijaribu. Kinyoya cha mchezo huo kina manyoya 16 ya bata bukini yaliyochomekwa katika kizibo, na uzito wake wote ni gramu 5 hivi. Tulifunga kamba kati ya miti miwili nyuma ya bwalo, nikapiga kinyoya kuelekea kwa mwalimu mwenzangu, na upepo wa Singida ukakichukua mpaka juu ya bati la jiko, ambako kingali hadi leo. Mchezo ule wataka ukumbi uliofungwa, wenye dari refu, na taa. Sisi tuna mawe makubwa, barabara za vumbi, nchi iliyoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na upepo ambao kwa mkimbiaji ni mwalimu asiyelipwa. Mahali huamua nusu ya mambo. Hata hivyo Simbu mwenyewe ilimbidi ahamie Arusha kufanya mazoezi, kwa sababu huko kuna wakimbiaji wenzake na makocha. Mtu hawezi kujifunza kushindana akiwa peke yake na kuku wa njiani.

Na mazoezi yenyewe si mchezo. Wakimbiaji wa marathoni wa daraja hilo hukimbia kilomita 160 hadi 200 kila juma. Tuchukue 180. Tuseme mtu ana majuma 50 ya kazi kwa mwaka: hizo ni kilomita 9,000. Kwa miaka kumi ni 90,000. Dunia yetu katika Ikweta ina mzunguko wa kilomita 40,000 na kidogo. Yule mzee aliyesema mwanawe anakimbia na haendi popote, kwa hesabu hii mtu wa namna hiyo ameizunguka dunia mara mbili na zaidi.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026 nilimwomba mzee aje tena. Safari hii nilimwita na kijana, nikamwomba kijana radhi mbele ya baba yake kwa neno lile la punda. Kijana alishtuka kuliko mimi. Kisha nikamweleza mzee hesabu hizi zote, ubaoni, kwa chaki. Alisikiliza vizuri sana. Nilipofika kwenye dola 70,000 hakushangaa hata kidogo. Alingoja nimalize, akauliza:

"Mwalimu, hiyo mbio ya Olimpiki uliyosema ilipelekwa mji mwingine kwa sababu ya joto, walianza wangapi?"

"Mia na sita, mzee."

"Wakamaliza wangapi?"

"Sabini na sita."

"Nishani ngapi?"

"Tatu."

"Basi hao mia na tatu wanakula nini?"

Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia kweli: wengine ni askari, wengine polisi, wengine wana mikataba midogo, na wengine walirudi kwao na begi la nguo. Nikamweleza pia kwamba kuna waliokula kwa njia ya masomo. Suleiman Nyambui, ambaye pamoja na Filbert Bayi walituletea nishani za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na hadi Olimpiki ya Paris hatukuwa na nyingine, alichukuliwa na chuo kikuu cha Texas huko El Paso kwa ajili ya miguu yake. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979, baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili, kisha akawa mwalimu wa riadha. Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, amejenga shule. Mzee akapenda hapo. "Kumbe mbio zao ziliishia darasani," akasema. Nikamwambia, kwa hao wawili, ndiyo. Lakini chuo hakimchukui mkimbiaji asiye na vyeti, na mwanawe sasa yuko Kidato cha Nne, mtihani ni Novemba.

Tukapatana hivi. Kijana atakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, wala si kila siku, na siku hizo kazi ya hesabu ya usiku uliopita ataionyesha kwa baba yake kabla ya kuvaa viatu. Mzee hasomi sana, lakini amesema atajua kama ukurasa umeandikwa au la. Hakusema kwamba amekubali kuwa kukimbia ni kazi. Alisema atatazama mpaka mavuno.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe kiwanjani, akaegemeza baiskeli yake mtini, akashika saa yangu. Kijana alizunguka mara 25, ambazo ni kilomita 10, kwa dakika 36 na sekunde 40. Kwa mwendo wa Simbu wa Tokyo mizunguko hiyo 25 ingekwisha kwa dakika 30 na sekunde 46, na wakati huo kijana wetu angekuwa nyuma kwa mizunguko minne kamili. Nilipomweleza mzee, akauliza kama minne ni mingi. Nikamwambia ni mingi. Akatikisa kichwa, akairudisha saa, akampa mwanawe maji.

Zoezi kwa vidato vyote: kijana huyu sasa hutumia wastani wa sekunde 88 kwa mzunguko. Ikiwa atapunguza sekunde 2 kwa kila mzunguko kila mwaka, atafikia mwendo wa sekunde 74 baada ya miaka mingapi? Kisha andikeni, kwa maneno yenu, sababu mbili zinazofanya jibu la hesabu hiyo lisiwe jibu la kweli. Majibu yatiwe katika sanduku lililo mlangoni pa maktaba kabla ya Ijumaa ya juma la tatu. Msichana wa Kidato cha Pili aliyeokota gazeti la Kihindi, ambaye sasa yuko Cha Tatu, ameruhusiwa kuandika juu ya Sindhu badala yake, kwa kuwa aliomba kwanza.